Paul Morphy: Bingwa wa chesi aliyejua wakati wa kumtoa malkia kafara

KATIKA Kiswahili, kinoo ni jiwe la kunolea kisu. Wakazi wa mtaa wa Kinoo, ulio kando ya Barabara ya Waiyaki magharibi mwa jiji la Nairobi, katika Kaunti ya Kiambu, hulitaja jina hilo kila siku stejini bila kuwazia kisu wala jiwe.

Hata hivyo, mwanafunzi wa mtaa huo anayekwama ndani ya matatu kwenye msongamano wa jioni anaweza kunoa bongo bila jiwe lolote. Hufungua programu ya chesi katika simu yake, nayo ikamletea fumbo: zamu ni ya kete nyeupe, na mfalme mweusi sharti anaswe kwa hatua mbili.

Mojawapo ya mafumbo mashuhuri zaidi ya aina hiyo lina umri wa zaidi ya miaka 160. Jawabu lake humduwaza anayekutana nalo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa humtaka amtoe malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote ubaoni, aliwe na farasi wa adui.

Aliyelipata jawabu hilo kwanza hakuwa na simu. Alikuwa kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 21, ameketi katika jumba la opera mjini Paris mbele ya wapinzani wawili wenye vyeo. Jina lake lilikuwa Paul Charles Morphy.

Ulimwengu humkumbuka kwa kafara hiyo ya ubaoni. Maisha yake, hata hivyo, yalikuwa na kafara nyingine aliyoifanya mbali na ubao, nayo haikumrudishia chochote.

MWANA WA JAJI

Morphy alizaliwa Juni 22, 1837 mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Baba yake, Alonzo Morphy, alikuwa wakili aliyepanda ngazi hadi akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Ukoo wa baba ulikuwa umetoka Uhispania, nao ukoo wa mama, akina Le Carpentier, ulikuwa na asili ya Ufaransa.

New Orleans ya siku hizo ilikuwa bandari tajiri ya pamba na sukari. Ilikuwa pia soko kubwa kabisa la watumwa nchini Marekani, na neema ya familia za tabaka la juu kama hiyo ilitegemea uchumi uliosimama juu ya mabega ya Waafrika waliouzwa na kununuliwa.

Nyumbani kwa jaji, muziki na chesi vilikuwa burudani za kawaida. Kulingana na masimulizi ya jamaa zake, hakuna aliyemketisha Paul na kumfunza. Alijifunza kwa kumtazama baba yake na ami yake, Ernest, wakicheza, hata siku moja akawaonyesha watu wazima hatua ambayo wao hawakuiona.

Simulizi nyingine ni ya mwaka wa 1846, wakati Jenerali Winfield Scott alipopitia New Orleans akielekea katika vita dhidi ya Mexico. Jenerali huyo, aliyejivunia ustadi wake wa chesi, aliomba atafutiwe mpinzani wa kumtoa jasho. Akaletewa mtoto wa miaka tisa. Alidhani anafanyiwa mzaha, ila alipoondoka mezani alikuwa ameshindwa mara mbili.

Mnamo 1850, bingwa wa Hungary, Johann Löwenthal, aliyekuwa ameikimbia nchi yake baada ya mapinduzi kuzimwa, alifika mjini humo. Morphy, ambaye hakuwa amefikisha umri wa miaka 13, alimshinda pia.

Licha ya kipaji hicho, chesi haikuwa kazi aliyoandaliwa. Alipelekwa katika Chuo cha Spring Hill, jimboni Alabama, ambako alihitimu mwaka wa 1854, kisha akarejea nyumbani kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Louisiana, ambacho siku hizi huitwa Tulane. Inasimuliwa kwamba aliihifadhi moyoni karibu yote Sheria ya Madai ya jimbo lake.

Baba yake alifariki Novemba 1856. Miezi mitano baadaye, Aprili 1857, kijana alipata shahada yake. Alikuwa na miaka 19, ilhali sheria haikumruhusu kufanya kazi ya uwakili kabla ya kutimiza 21.

Hivyo ndivyo chesi ilivyopata nafasi katika maisha yake. Morphy hakuichagua badala ya uwakili. Aliichukua iwe kitu cha kujishughulisha nacho akisubiri mlango wa mahakama ufunguliwe.

MALKIA AANGUKA NEW YORK

Mnamo Oktoba 1857, mabingwa wa Marekani walikusanyika jijini New York kwa kongamano la kwanza la chesi la nchi hiyo. Morphy aliwashinda wapinzani wake mmoja baada ya mwingine hadi akafika fainali, ambako alikabiliana na Louis Paulsen, mzaliwa wa Ujerumani aliyesifika kwa subira na kwa kufikiri muda mrefu kabla ya kugusa kete.

Katika mchezo wa sita wa fainali hiyo, uliochezwa Novemba 8, Morphy aliyeshika kete nyeusi alimchukua malkia wake akamla nao askofu mweupe aliyekuwa akilindwa na askari. Kwa mtazamaji wa kawaida, lilikuwa kosa la ajabu: kete kubwa kuliko zote imebadilishwa kwa kete ndogo.

Paulsen alimla malkia. Hapo ikadhihirika kuwa askari aliyetumiwa kumla ndiye aliyekuwa ukuta wa mfalme mweupe. Ukuta ukiwa umebomoka, ngome na maaskofu wa Morphy walimwandama mfalme huyo bila kumpa pumzi, na Paulsen akasalimu amri baada ya hatua ya 28.

Ili kuuelewa mshangao wa watazamaji wa siku ile, yafaa kukumbuka historia ya kete yenyewe. Mchezo huu ulianzia Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukaenezwa na Waarabu kwa jina la shatranj, ambalo ndilo lililotupa neno la Kiswahili sataranji.

Katika sataranji hiyo ya kale hapakuwa na malkia. Kando ya mfalme alisimama waziri, naye alikuwa dhaifu, akisogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Ni kuelekea mwisho wa karne ya 15, huko kusini mwa Ulaya, ndipo kete hiyo ilipogeuzwa kuwa malkia awezaye kuvuka ubao mzima kwa pande zote.

Kuanzia hapo, kumpoteza malkia kukawa sawa na kupoteza vita, na mwanafunzi wa chesi akafundishwa kumlinda kama mboni ya jicho. Anayemtoa kwa hiari basi huwa ama amekosea, ama ameona jambo ambalo wenzake hawajaliona.

Morphy alitawazwa bingwa. Zawadi ya kwanza ilikuwa pesa, lakini alizikataa, akakubali badala yake vyombo vya mezani vilivyofuliwa kwa fedha. Uamuzi huo ulikuwa dalili ya mapema ya jambo ambalo lingekuja kuyatawala maisha yake: alitaka ajulikane kuwa muungwana anayecheza, si mchezaji anayelipwa.

SAFARI YA ULAYA

Juni 1858, alipanda meli kwenda Uingereza. Nia yake kuu ilikuwa kukutana na Howard Staunton, Mwingereza aliyehesabiwa kwa miaka mingi kuwa mchezaji bora duniani. Mechi hiyo haikufanyika kamwe. Staunton, ambaye wakati huo alikuwa akihariri tamthilia za Shakespeare, aliahirisha na kuahirisha hadi Morphy akakata tamaa.

Wengine hawakukataa. Löwenthal, yule bingwa wa Hungary aliyeshindwa na mtoto miaka minane awali, sasa alikuwa akiishi London. Alishindwa tena, katika mechi iliyowekewa dau la pauni 100. Morphy alipokea fedha hizo, kisha akamnunulia mpinzani wake samani za nyumba zilizogharimu zaidi ya kiasi hicho.

Mjini Paris, aliufanya mkahawa wa Café de la Régence, makao ya kale ya wachezaji wa chesi, kuwa baraza lake. Septemba 27, 1858, alicheza na wapinzani wanane kwa wakati mmoja bila kuziangalia mbao zao, akitajiwa hatua na kujibu kwa kumbukumbu tu. Shughuli hiyo iliendelea kwa takriban saa 10. Alishinda michezo sita, na miwili ikaisha sare.

Mwezi Desemba, Adolf Anderssen alisafiri kutoka Ujerumani kuja kumkabili. Anderssen alikuwa mshindi wa mashindano makuu ya London ya 1851, na mwaka huo huo alikuwa amecheza mchezo wake maarufu ambamo alitoa ngome zote mbili pamoja na malkia, akashinda. Morphy, aliyekuwa ametoka kuugua hata akadhoofika, alimshinda mara saba, akapoteza mara mbili, na michezo miwili ikawa sare.

Wakati hayo yakitendeka, Nairobi ilikuwa bado tambarare ya malisho na maji baridi, na reli ambayo ingezaa mji huo mwaka wa 1899 haikuwa imewaziwa. Jijini Paris, jina la kijana wa New Orleans lilikuwa midomoni mwa kila mpenzi wa chesi.

FUMBO LA OPERA

Miongoni mwa waliomwalika alikuwa Karl, Mtawala wa zamani wa Brunswick katika Ujerumani, aliyepinduliwa na raia wake mwaka wa 1830 na ambaye sasa aliishi uhamishoni. Mtawala huyo alikuwa na chumba chake cha faragha katika jumba la opera, karibu kabisa na jukwaa, na alipenda kucheza chesi huku waimbaji wakiimba.

Usiku mmoja wa mwaka huo wa 1858, yeye na rafiki yake, Kaunti Isouard, waliungana dhidi ya Morphy, wakishauriana juu ya kila hatua. Inasimuliwa kwamba mgeni wao, aliyependa sana muziki, aliketishwa akiwa amelipa kisogo jukwaa, na kwamba alikuwa na hamu ya kumaliza mchezo upesi ili ageuke asikilize.

Ulikwisha upesi kweli. Kufikia hatua ya 15, mfalme mweusi alikuwa bado katikati ya mstari wake, hajapata nafasi ya kujificha pembeni. Askofu na ngome zake za upande mmoja hazikuwa zimesogea hata mraba mmoja. Morphy alikwisha kumtoa farasi wake kwa askari wawili tu, na kila kete iliyombakia ilikuwa imeelekezwa kwa mfalme huyo.

Hapo ndipo programu za simu huusimamisha mchezo na kumwachia mwanafunzi atafute hatua inayofuata.

Asiyezoea huanza kwa kuhesabu kete, kisha akatafuta namna ya kumlinda malkia wake mweupe. Aliyezoea huanza kwa swali lingine: ni kitu gani hasa kinachomzuia mweupe kushinda sasa hivi?

Jibu ni kitu kimoja. Ngome nyeupe imesimama chini ya safu ndefu inayopanda moja kwa moja hadi kwenye mraba ulio ubavuni mwa mfalme mweusi. Askofu mweupe, kutoka mbali, anaulinda mraba huo, na pia ule ulio mbele ya uso wa mfalme. Mtego wote umekamilika, ila tu farasi mweusi amesimama katikati ya njia ya ngome.

Swali basi hugeuka: farasi huyo ataondolewaje? Hawezi kubembelezwa. Ni lazima alazimishwe.

Morphy alimpeleka malkia wake hadi mstari wa mwisho wa adui, akamtishia mfalme. Mfalme hakuwa na mraba wa kukimbilia, na hapakuwa na kete ya kumkinga. Kilichobaki kwa weusi kilikuwa kumla malkia, na mwenye uwezo wa kumla alikuwa yule yule farasi.

Farasi alimla malkia, na kwa kufanya hivyo akaihama njia. Ngome ikapanda hadi mwisho wa safu. Mfalme akanaswa katika hatua ya 17.

Ubaoni, weusi walikuwa wamebakiwa na malkia, ngome, askofu, farasi na askari watano. Mbali na mfalme na askari wake, Morphy alikuwa na ngome moja na askofu mmoja, na hao walitosha.

Ndiyo sababu walimu wa chesi hawachoki kuurejelea mchezo huo. Unamfunza mwanafunzi kwamba kafara ya kweli haina ushujaa wa kukurupuka ndani yake. Anayetoa huwa amekwisha kuhesabu kitakachorudi, na hutoa kwa sababu kile anachokipata hakingepatikana kwa bei nyingine.

HESHIMA ILIYOGEUKA MZIGO

Morphy alirejea Marekani mnamo Mei 1859 akiwa shujaa. Jijini New York alikabidhiwa seti ya chesi iliyotengenezwa kwa dhahabu na fedha. Mjini Boston aliandaliwa karamu iliyohudhuriwa na wasomi wakuu wa nchi, akiwemo mshairi Henry Longfellow.

Katika sherehe ya New York, hata hivyo, mzungumzaji mmoja aliitaja chesi kama taaluma ya mgeni wa heshima. Morphy alikwazika. Katika jibu lake kwa hadhira alisisitiza kwamba mchezo huo ni burudani tu, na kwamba haufai kumtoa mtu katika shughuli za maana za maisha.

Kwa mtu wa leo, ambaye huwaona mabingwa wa chesi wakilipwa vizuri, msimamo huo ni mgumu kuelewa. Lakini katika jamii iliyomlea Morphy, mtoto wa jaji aliyecheza kwa malipo alikaribiana na mcheza kamari. Uwakili ulikuwa heshima, nayo chesi ilikuwa mapambo ya heshima hiyo.

Alitangaza kwamba angecheza na yeyote duniani kwa sharti la kumpunguzia mpinzani ugumu, kwa kumwachia askari mmoja na hatua ya kwanza. Hakuna aliyejitokeza. Kwa muda wa takriban mwaka mmoja alihariri safu ya chesi katika gazeti la New York Ledger. Kisha akafunga ukurasa.

Sasa umri wa uwakili ulikuwa umetimia, ila nchi haikumsubiri. Mnamo Januari 1861, Louisiana ilijitenga na Marekani pamoja na majimbo mengine ya kusini yaliyotetea utumwa, na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikazuka. New Orleans ilitekwa na jeshi la kaskazini mwaka uliofuata. Morphy aliondoka kuelekea Havana, nchini Cuba, na kutoka huko akaenda Paris.

Huko Havana, ambako alipitia zaidi ya mara moja katika miaka hiyo, alikubali kucheza michezo michache ya kirafiki. Mmoja wa waliocheza naye alikuwa mtu mweusi aliyejulikana kama José María Sicre, mtumwa aliyebeba jina la bwana wake, Félix Sicre, ambaye pia alicheza na Morphy. Utumwa haukukomeshwa Cuba hadi 1886.

Historia imehifadhi machache mno kumhusu Sicre huyo. Kuwepo kwa jina lake katika kumbukumbu za bingwa wa dunia kwaonyesha kwamba akili iliyonoleka haikuwa mali ya tabaka moja, hata pale ambapo mwenye akili hiyo hakuwa mali yake mwenyewe.

MLANGO ULIOFUNGWA

Vita vilipokaribia kumalizika, Morphy alirudi New Orleans na kujaribu kuanzisha ofisi ya sheria. Haikustawi. Wengi waliopiga hodi walitaka kumwona bingwa wa chesi, na mazungumzo yalipofika kwenye chesi, yeye hakuwa tayari kuyaendeleza. Walioihitaji huduma ya wakili walimwendea mwingine.

Akawa amekwama baina ya milango miwili. Ule wa chesi aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, na ule wa mahakama, aliousubiri tangu akiwa na miaka 19, haukumfungukia. Aliendelea kuishi kwa mali ya familia katika nyumba yao ya Mtaa wa Royal, pamoja na mama yake na dadake.

Mnamo 1867 alirudi Paris pamoja na mama yake. Mwaka huo mashindano makubwa ya kimataifa ya chesi yalifanyika katika jiji hilo hilo, lakini aliyekuwa bingwa wao wote hakwenda hata kutazama.

Katika miaka ya 1870, jamaa zake walianza kuona mabadiliko. Aliamini kwamba shemeji yake aliyesimamia mirathi ya baba alikuwa amemdhulumu, akaingia mahakamani kumshtaki. Alishuku kwamba alikuwa akitiliwa sumu, akakataa kula chakula kisichopikwa na mama yake au dadake.

Familia ilijaribu kumpeleka katika makao ya wagonjwa wa akili yaliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Inaelezwa kwamba alipofikishwa hapo alijitetea kwa hoja za kisheria zilizopangika vyema, hata wenyeji wakaona hawana haki ya kumzuia. Huenda hiyo ikawa ndiyo kesi aliyoitetea kwa ufasaha kuliko zote.

Kutokana na hayo, uvumi ulienea kwamba chesi ndiyo iliyomharibu akili, na uvumi huo ungali ukisikika penye wazazi wanaoogopa mchezo huu. Miaka yenyewe inaukanusha. Maradhi yalipojitokeza, Morphy alikuwa ameachana na mashindano kwa zaidi ya miaka 10. Kipindi alichocheza zaidi ndicho kilichokuwa na furaha kubwa katika maisha yake.

Hakuna daktari wa leo anayeweza kumpima marehemu wa karne ya 19 na kutaja ugonjwa wake kwa hakika. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba enzi yake haikuwa na matibabu ya kumpa.

Wilhelm Steinitz, bingwa aliyezaliwa Prague, alipozuru New Orleans mwaka wa 1883, alifanikiwa kukutana naye kwa muda mfupi tu, kwa sharti kwamba chesi isitajwe.

Julai 10, 1884, baada ya matembezi katika jua kali la mchana, Morphy aliingia kuoga kwa maji baridi. Alipokawia kutoka, alikutwa amefariki ndani ya bafu. Alikuwa na miaka 47. Alizikwa katika kaburi la ukoo kwenye makaburi ya kale ya St. Louis mjini humo, nayo nyumba yake ya Mtaa wa Royal siku hizi ni mkahawa.

KILICHOSALIA

Mnamo 1886, miaka miwili baada ya kifo chake, mechi ya kwanza iliyotambuliwa rasmi kuwa ya ubingwa wa dunia ilichezwa kati ya Steinitz na Johannes Zukertort. Ilianzia New York, ikapitia St. Louis, na kumalizikia New Orleans. Cheo ambacho Morphy angekitwaa bila upinzani kilitolewa katika mji wake, wakati yeye yuko kaburini.

Mabingwa waliofuata hawakumsahau. Bobby Fischer, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1972, alimweka katika orodha yake ya wachezaji bora wa nyakati zote. Mbinu aliyoidhihirisha Morphy, ya kuziamsha kete zote mapema kabla ya kushambulia, ndiyo somo la awali kwa kila anayeanza.

Mtazamo kuhusu mchezo nao umegeuka. Katika mtaa wa mabanda wa Katwe, jijini Kampala, Phiona Mutesi alijifunza chesi kutoka kwa mwalimu Robert Katende alipokuwa mtoto asiye na karo. Mwaka wa 2012 alijipatia cheo cha kimataifa katika mashindano ya Olimpiadi ya chesi mjini Istanbul, na maisha yake yakatengenezewa filamu iliyotoka 2016. Kitu ambacho mwana wa jaji alikionea haya kilimfungulia binti wa muuza mboga mlango wa shule.

Mkasa wa Morphy haumo katika kuipenda chesi kupita kiasi. Umo katika kuitoa kafara bila hesabu ile aliyoizingatia siku zote ubaoni. Alipomtoa malkia mjini Paris, alikuwa amekwisha kuiona ngome ikifika mwisho wa safu. Alipouacha mchezo wenyewe, alikuwa na tumaini tu kwamba heshima ya uwakili ingefuata, nayo haikufuata.

Mwanafunzi wa Kinoo aliye ndani ya matatu hana haja ya kuyajua hayo ili alitatue fumbo. Atamwona farasi aliyeziba njia, atampeleka malkia, na simu itamwonyesha kuwa amepata. Chini ya ubao kutakuwa na maandishi madogo yanayotaja mji wa Paris, mwaka wa 1858 na jina la Morphy, kabla fumbo jingine halijafunguka na kondakta hajagonga bati la gari kuwaita wanaoshuka.